Mwongozo kamili: Kuchunguza kushuka kwa kumbukumbu baada ya upasuaji kwa wazee wa Tanga

"Tangu apasuliwe, mzee si yule tena." Ndugu wa wagonjwa husema hivi, na wanasema walichokiona: baba aliyekuwa akijua kichwani deni la kila mteja wake sasa anauliza swali lilelile mara tatu kabla chai haijapoa. Kazi ya mtafiti ni kujua kama mabadiliko hayo yapo kweli, ni makubwa kiasi gani, yanadumu muda gani, na kama yametokana na upasuaji au na jambo jingine lililomkuta mzee wakati uleule. Mwongozo huu ni kwa madaktari walio mafunzoni, wauguzi, wataalamu wa usingizi na wanafunzi wa afya wanaotaka kuifanya kazi hiyo hapa mkoani Tanga, kwa vifaa na watu waliopo. Nashikilia jambo moja toka mwanzo hadi mwisho: mzee alinganishwe na yeye mwenyewe alivyokuwa kabla, kwa kipimo anachokielewa. Ukikosa hilo, hata takwimu ziwe nzuri vipi, hazitasema kitu.

Anza na swali, dodoso lisubiri

Mwaka 1955 daktari wa Uingereza, P. D. Bedford, aliandika katika jarida la The Lancet juu ya wazee waliobadilika akili baada ya kupewa dawa ya usingizi. Utafiti ambao wengi waliokuja baadaye wameuiga ulitoka mwaka 1998, unaojulikana kwa kifupi kama ISPOCD1: wagonjwa 1,218 wa miaka 60 na zaidi, waliofanyiwa upasuaji mkubwa usiohusu moyo katika hospitali za Ulaya na Marekani. Wiki 1 baada ya upasuaji, asilimia 25.8 walikuwa wameshuka uwezo wa kukumbuka na kufikiri. Miezi 3 baadaye, asilimia 9.9. Kwa watu ambao hawakupasuliwa, asilimia zilikuwa 3.4 na 2.8. Watafiti hao walichunguza kama chanzo ni upungufu wa oksijeni au kushuka kwa presha wakati wa upasuaji, wakakuta sivyo. Mambo yaliyoonekana kwenda pamoja na kushuka wiki ya kwanza ni umri, muda wa usingizi, elimu ndogo, kupasuliwa mara ya pili, maambukizi na matatizo ya kupumua. Ilipofika miezi 3, kilichobaki ni umri peke yake.

Tazama namba hizo vizuri. Jibu linategemea siku unayopima, kwa hiyo siku ya kupima ni sehemu ya swali lenyewe. Na hata ambao hawakupasuliwa, wachache wao walionekana wameshuka. Ndiyo maana tutahitaji kundi la kulinganishia.

Wengi huja na hukumu tayari kwamba mkosaji ni nusukaputi. Usiiandike hukumu hiyo kwenye pendekezo lako la utafiti. Majaribio mawili makubwa kwa wagonjwa waliovunjika nyonga, moja la Amerika ya Kaskazini lililochapishwa 2021 na jingine la China la 2022, yalilinganisha nusukaputi na ganzi ya mgongo, na kuchanganyikiwa ghafla hakukutofautiana kati ya makundi. Andika aina ya usingizi kama taarifa mojawapo, kisha uache takwimu ziseme.

Tumia pia majina yaliyokubaliwa na wataalamu mwaka 2018, ili matokeo yako yasomeke na wengine. Kuchanganyikiwa ghafla, yaani deliriamu, ni kwa siku 7 za mwanzo au hadi mgonjwa anaporuhusiwa. Hadi siku ya 30, mtu ambaye akili yake haijarudi huhesabiwa kuwa amechelewa kupona. Kuanzia siku ya 30 hadi miezi 12 ndipo husemwa ana tatizo la utambuzi (kukumbuka, kuzingatia na kufikiri) la baada ya upasuaji. Likionekana kwa mara ya kwanza baada ya hapo, halibebeshwi tena jina la upasuaji.

Swali lililokamilika litakuwa hivi: miongoni mwa watu wa miaka 60 na zaidi wanaofanyiwa upasuaji wa kupangwa, ni wangapi watakuwa wameshuka uwezo wa utambuzi baada ya miezi 3, wakilinganishwa na watu wa rika na mtaa wao ambao hawakupasuliwa?

Ruhusa na ridhaa

Andika itifaki, ipeleke kamati ya maadili ya chuo chako au Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. NIMR ina kituo chake Tanga. Ongea na watu wa pale mapema. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kisha barua za mkoa, na mwisho mganga mfawidhi wa hospitali. Taarifa za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo majina yakae daftari moja na majibu ya vipimo daftari jingine, yaunganishwe kwa namba tu.

Ridhaa ichukuliwe kabla ya upasuaji, mzee akiwa na akili zake timamu, na humo humo mweleze kwamba huenda akachanganyikiwa siku chache na kwamba unaomba kuendelea kumpima hata wakati huo. Mwambie amchague ndugu wa kumsemea. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti. Ndugu watataka kuamua kwa niaba yake. Wasikilize kwa heshima, kisha geuka umuulize mzee mwenyewe. Na akisema "sitaki" siku ya tatu akiwa amechanganyikiwa, hilo pia ni jibu. Siku hiyo usimpime.

Nani waingie, na walinganishwe na nani

Upasuaji wa kupangwa wa wazee katika hospitali zetu ni hasa wa tezi dume, ngiri, na busha, ambalo pwani hii lina historia ndefu kwa sababu ya minyoo ya matende. Ukichukua hayo matatu tu, utakuwa umefanya utafiti wa wanaume. Ongeza upasuaji wa kizazi kilichoshuka, wa nyongo au wa utumbo ili akina bibi wawemo. Waliovunjika nyonga ni kundi muhimu mno, lakini huja kwa dharura, wana maumivu, na kipimo cha kabla hakitapatikana kwa utulivu. Ama watenge katika utafiti wao peke yao, ama upate hali yao ya zamani kwa kumhoji ndugu anayeishi nao.

Usimwache nje mtu kwa sababu tu ana kisukari, presha au hajasoma. Ukifanya hivyo utabaki na wazee ambao huwakuti wodini. Acha nje yule ambaye tayari ana ugonjwa wa kusahau uliokomaa, aliyepata kiharusi karibuni, au ambaye hasikii wala haoni kiasi cha kutoweza kupimwa.

Sasa kundi la kulinganishia. Hapa ndipo tafiti nyingi ndogo huharibika, kwa sababu ni kazi ya ziada na hakuna anayeifurahia. Mtu akipimwa mara mbili kwa kipimo kilekile, mara ya pili hufanya vizuri kidogo kwa kuwa amekizoea. Bila kujua kuzoea huko kunaongeza alama ngapi, mzee aliyepata 7 kabla na 7 baada utasema hajabadilika, kumbe alipaswa kupata 8. Wasindikizaji wa wodini hawafai, kwani ni watoto na wajukuu. Mwombe kila mgonjwa akutajie mtu wa rika lake, wa jinsia yake, anayeishi jirani: kaka, wifi, mwenzake wa msikitini au kanisani. Wapime kwa vipindi vilevile, na katika kila kipindi mpimaji wao awe yuleyule wa wagonjwa. Ukiwa na uwezo, ongeza kundi la tatu la wazee waliolazwa kwa nimonia au ugonjwa mwingine bila kupasuliwa. Kundi hilo ndilo linalokuonyesha ni kiasi gani cha mabadiliko kinaletwa na kuugua na kulala kitanda cha hospitali.

Idadi ya watu

Tumia fomyula ya kulinganisha asilimia mbili. Ukichukua namba za 1998, 9.9 kwa 2.8 za miezi 3, kwa uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti na kiwango cha makosa cha asilimia 5, utahitaji watu wapatao 182 kila kundi. Ukitarajia kupoteza mmoja kati ya watano njiani, anza na 228. Kwa namba za wiki ya kwanza wangetosha 36 kila kundi. Mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na bila fedha afanye wa wiki ya kwanza au wa deliriamu, aufanye vizuri. Utafiti wa miezi 3 wenye watu 40 hautampa jibu.

Vipimo vinavyomtendea haki mzee wa hapa

Hapa nakaa, kwa sababu hapa ndipo mzee huonewa. Kipimo kinachomtaka achore saa ya ukutani, anakili mchemraba au aondoe saba saba kutoka mia moja kinapima miaka aliyokaa darasani. Mkulima wa mkonge mstaafu wa Muheza ataanguka hata kabla hajagusa dawa ya usingizi, na mtu aliyekwisha fika chini kabisa ya kipimo hana pa kushukia tena. Utaandika kwamba hakubadilika.

Tunacho kipimo kilichotengenezwa hapa nyumbani. IDEA kiliandaliwa kwa wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kikiwalenga watu wasio na elimu ya shule. Kina alama 15: kutaja wanyama kwa dakika moja, kukumbuka maneno 10 baada ya muda, kupanga njiti za kiberiti kama mfano ulioonyeshwa, kujua siku na mahali, kumjua kiongozi wa kijiji, na kueleza daraja ni nini. Lakini kiliundwa kuchuja ugonjwa wa kusahau, hivyo mabadiliko madogo yatakipita. Kitumie mwanzoni kuwatambua wenye tatizo tayari, kisha ongeza vipimo vinavyohesabika kwa upana zaidi: orodha ya maneno inayosomwa mara tatu na kukumbukwa baada ya dakika 20, kutaja vitu vya kundi moja, kurudia tarakimu mbele na kinyume, na kipimo cha kasi kisichohitaji kusoma, kwa mfano kutafuta na kukata umbo moja kati ya maumbo mengi.

Orodha za maneno ziwe angalau mbili zenye uzito sawa, ili mara ya pili mtu asikumbuke za mara ya kwanza. Chagua majina ya vitu vya kila siku, ya silabi mbili au tatu, na uyakwepe yenye maana mbili. Ukisema "mbuzi", huyu atamwona wa zizini na yule atakiona cha kukunia nazi; "kanga", "kaa" na "paa" vilevile. Zijaribu orodha kwa wazee wa Ngamiani, Pangani na Lushoto kabla ya kuanza. Mzee ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisambaa, Kibondei, Kidigo au Kizigua huenda akalielewa neno la Kiswahili na bado akalitaja kwa lugha yake. Amua mapema kama utalikubali. Mimi ningelikubali, kwa sababu unapima kumbukumbu.

Kutaja wanyama kunahitaji kanuni pia. Kwa wasemaji wengi samaki na ndege si wanyama, na mvuvi wa Tongoni anaweza kukutajia changu, pono, tasi na nguru bila kupumua. Andika kanuni moja, ifuate mara zote na kwa makundi yote. Kwenye swali la tarehe, mkubali anayekujibu kwa mwezi wa Kiislamu, kama Mfungo Pili, na anayesema saa nne asubuhi kwa hesabu yetu ya saa.

Swali la elimu lisiishie "darasa la ngapi". Uliza kuhusu chuo cha Kurani, na kisomo cha watu wazima baada ya Uhuru. Mwanamke aliyeandikiwa "hajasoma" anaweza kuwa anasoma herufi za Kiarabu kila siku ya maisha yake. Umri nao uutafute kwa matukio kama hana cheti: kama alikuwa amezaliwa nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961 na alikuwa na umri gani, au watoto wake walikuwa wangapi wakati wa Vita vya Kagera.

Mwisho pima shughuli za maisha, kwa kumuuliza ndugu anayeishi naye. Je, bado anarudisha chenji sawasawa? Anatuma mwenyewe pesa kwa simu? Anapotea njia aliyoizoea? Anakosea hesabu ya rakaa kuliko zamani? Amesahau chungu jikoni? Maswali haya yana uzito wa kitaalamu: tatizo likiwa dogo au kubwa hutofautishwa na ukubwa wa kushuka kwenye vipimo pamoja na kuharibika au kutoharibika kwa shughuli hizi.

Kipimo cha kabla

Kifanye kliniki, siku kadhaa kabla ya upasuaji. Jioni ya kulazwa mzee ana hofu, amekatazwa kula, na simu za ndugu hazikomi. Anza kwa shikamoo na mazungumzo, mpe miwani yake, kaa upande anaosikia vizuri, zima redio. Saa mbili hadi saa nne asubuhi ni wakati mzuri. Wakati wa Ramadhani usimpime aliyefunga alasiri kisha ukamlinganisha na yeye aliyekula. Andika dawa anazotumia, kiasi cha damu, macho, usikivu, sonona kwa dodoso la PHQ-9, na pombe. Swali la mnazi na gongo liulizwe faragha bila kuhukumu, maana anayekunywa kila siku akikatizwa ghafla wodini anaweza kuchanganyikiwa kwa sababu hiyo peke yake.

Siku za wodini

Hapa unachunguza deliriamu, asubuhi na jioni, kwa siku 3 angalau na ikiwezekana hadi anaruhusiwa. CAM, kipimo kilichotolewa mwaka 1990, kinatazama mambo manne: mabadiliko ya ghafla yanayopanda na kushuka, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, mawazo yasiyopangika, na hali ya fahamu iliyobadilika. Mgonjwa awe na la kwanza na la pili, pamoja na mojawapo ya mawili yaliyobaki. Kuzingatia kunapimwa kwa kutaja siku za juma kinyume, ambazo hata asiyesoma anazijua.

Usimsubiri anayepiga kelele na kung'oa dripu. Wengi wa waliochanganyikiwa wamelala kimya, wanajibu kwa shida, na wodi nzima inawasifu kwa utulivu. Muulize muuguzi wa usiku na ndugu aliyelala pembeni; wao ndio waliomwona saa nane usiku.

Ukimkuta amechanganyikiwa, wewe kwanza ni mtumishi wa afya. Mwite daktari wa zamu mara moja. Huenda ni maambukizi, mkojo uliofunga, sukari iliyoshuka, upungufu wa oksijeni, au dawa kama pethidini na diazepamu. Andika kilichopatikana na kilichofanyika.

Kumfuata nyumbani

Chukua namba tatu za simu, jina la mtaa au kijiji, na alama anayojulikana nayo: nyuma ya msikiti gani, jirani ya duka gani. Wazee wengi hupasuliwa mjini wakiwa kwa mtoto, kisha hurudi kwao Handeni au Kilindi. Bajeti ya nauli na bodaboda iwe kubwa kuliko ya karatasi. Kama miezi 3 ya wengi itaangukia masika, panga safari za milima ya Usambara mapema.

Anayepima miezi 3 baadaye asijue nani alipasuliwa. Waombe ndugu wasimwambie, na mweke mtu mwingine aulize habari za kidonda. Ambaye hukumpata, andika sababu. Mtu aliyekwisha kuchanganyikiwa ndiye mara nyingi asiyekuja kliniki, kwa hiyo kumfuta kwenye orodha kunayapamba matokeo. Aliyefariki ahesabiwe kuwa amefariki, asiandikwe kwamba amepotea.

Hesabu

Njia ya ule utafiti wa 1998, ISPOCD1, inafanyika hata kwa Excel. Kwa kila kipimo, chukua alama za baada utoe za kabla. Toa wastani wa mabadiliko ya kundi la kulinganishia, kisha gawanya kwa mkengeuko sanifu wa mabadiliko yao, yaani kipimo cha jinsi yanavyotawanyika kuzunguka wastani. Tuseme mzee alikumbuka maneno 7 kabla na 4 baada: ameshuka 3. Kundi la kulinganishia lilipanda kwa wastani wa 0.8, na mkengeuko wao ni 1.5. Hasi 3 toa 0.8 ni hasi 3.8, gawanya kwa 1.5, unapata hasi 2.53. Chini ya hasi 1.96 ni kushuka kusikoelezeka kwa bahati tu. Akishuka hivyo kwenye vipimo viwili, au kwenye jumla ya vipimo vyote iliyogawanywa kwa mkengeuko wa jumla hizo katika kundi la kulinganishia, anahesabiwa ameshuka. Kwenye vipimo vya muda, ambapo sekunde nyingi ni ubaya, geuza alama ya hasi na chanya kabla ya kujumlisha.

Usiishie kwenye ndiyo na hapana. Kugawa watu kwa mstari mmoja kunatupa taarifa nyingi, kwa hiyo chambua pia alama zenyewe kwa modeli inayomruhusu kila mtu kuwa na mwanzo wake, ukiweka umri, elimu, sonona na maumivu. Programu ya R ni ya bure. Panga uchambuzi wote kwa maandishi kabla ya kufungua takwimu, na utoe taarifa pia ya waliopanda. Kwa aliyeondolewa mtoto wa jicho, au ambaye maumivu yake ya muda mrefu yamekwisha, kupanda kunawezekana kabisa.

Kurudisha matokeo

Wodi ipewe ukurasa mmoja kwa Kiswahili: wangapi walichanganyikiwa, siku gani, na walikuwa na hali gani. Familia isipewe alama ya hesabu kana kwamba ni ugonjwa, kwa sababu hasi 2.53 haitoshi kumwambia mtu ana ugonjwa wa kusahau. Anayeonekana ameshuka na ndugu wanaona vivyo hivyo, mpe barua ya kwenda kwa daktari achunguzwe damu, sukari, tezi ya shingo, dawa anazotumia, macho na masikio, kisha mpime tena miezi 12 baada ya upasuaji. Barua hizo ziwe zimechapwa na kuwekwa kwenye begi lako kabla hujampima mtu wa kwanza.